Ukarabati wa magari ya zamani Unguja

Ukarabati wa magari ya zamani ni kazi ya kurudisha gari lililochakaa katika hali iliyo karibu na ile ya lilipotoka kiwandani, ili litembee tena kwa usalama. Kazi hii ni tofauti na matengenezo ya kawaida, kwa sababu gari hufunguliwa karibu lote, kila sehemu husafishwa na kupimwa, na zilizokwisha hubadilishwa. Katika kisiwa cha Unguja, hasa Mji Mkongwe wa Zanzibar, adui mkubwa wa gari ni kutu inayoletwa na hewa ya bahari.

Historia

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kuanzia 1890 hadi tarehe 10 Desemba 1963. Katika miaka hiyo magari madogo ya Kiingereza yalienea katika Afrika ya Mashariki. Mojawapo ni Morris Minor, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mbunifu wake, Alec Issigonis, ndiye pia aliyebuni Mini, iliyoanza kuuzwa 1959 na kuendelea kutengenezwa hadi 2000. Mini zilitumia injini ya silinda 4 iitwayo A-Series, na Morris Minor ziliitumia kuanzia 1952. Bloku na silinda hedi ya injini hiyo ni za chuma cha kusubu.

Mazingira ya kisiwa

Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba mno kwa gari kupita. Kwa hiyo magari huachwa kwenye barabara za pembezoni, mara nyingi bila paa. Barabara ya Mizingani hupita ukingoni mwa bahari, na pepo za kusi na kaskazi huleta chumvi. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mvua za masika na vuli huuongeza. Maji yakituama ndani ya milango au chini ya mazulia, bati huoza kutoka ndani hali rangi ya nje ingali nzuri.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa Morris Minor na Mini kwa sababu hazina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sakafu au kizingiti cha mlango kikioza, gari hupoteza nguvu yake. Kuziba tundu kwa mastiki na kupaka rangi juu yake huficha ubovu tu. Bati lililooza hukatwa mpaka lipatikane bati zima, kisha kipande kipya huchomelewa.

Hatua za kazi

Kwa kawaida kazi hufuata mpango huu:

1. Gari hupigwa picha kila upande kabla ya kufunguliwa, na boliti na vipuri huwekwa katika mikebe yenye majina.
2. Bodi hukaguliwa, hukatwa na kuchomelewa.
3. Breki, usukani na nyaya za umeme hutengenezwa.
4. Injini hufunguliwa, hupimwa na kufungwa upya.
5. Rangi hupakwa, kisha viti na mapambo hurudishwa.

Bati lililosuguliwa lisilale bila rangi ya kwanza. Katika hewa ya Unguja linaweza kuanza kushika kutu usiku mmoja.

Kung'arisha sehemu za injini

Sehemu za aluminiamu huoshwa kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji. Baada ya kukauka husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 240 hadi 1200, na kumalizwa kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Soda kali haifai, kwa kuwa hula aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Brashi ya waya wa chuma nayo huacha chembe zitakazoshika kutu. Chuma cha kusubu hakihitaji kung'arishwa. Hupakwa rangi inayostahimili joto.

Sehemu zifuatazo haziguswi kwa msasa wa kung'arishia:

- Nyuso zinazokutana kwenye gasketi. Zikipoteza unyoofu wake, mafuta au maji huvuja.
- Kuta za silinda. Mikwaruzo myembamba iliyopishana iliyoachwa na fundi hushika mafuta yanayolainisha pistoni.
- Ndani ya kuba ya kabureta ya SU. Pistoni yake huteleza humo kwa nafasi ndogo sana, hivyo ni nje tu panapong'arishwa.

Vumbi la msasa likiingia katika njia za mafuta huharibu beringi. Matundu yote huzibwa kabla ya kazi, na sehemu huoshwa tena kabla ya kufungwa. Boliti za chuma zinazoingia katika aluminiamu hupakwa grisi, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa.

Petroli

Injini nyingi za zamani ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Kufuatia azimio la Dakar la 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Silinda hedi ya chuma cha kusubu ikifunguliwa, hufaa iwekewe viti vigumu vya valvu. La sivyo, viti huweza kulika, hasa kwa mwendo mkali.

Usalama

Breki, klachi na gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Hazipulizwi kwa hewa wala kusuguliwa zikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Bloku ya Volkswagen ya umbo la kobe ni ya aloi ya magnesiamu. Chembe zake hushika moto, na maji huuchochea badala ya kuuzima. Mchanga mkavu huwekwa karibu.

Utunzaji

Mng'ao wa aluminiamu haudumu pwani. Hupakwa nta na kufutwa mara kwa mara, na gari huoshwa chini kwa maji baridi baada ya kupita ufukweni. Gari lililokarabatiwa vizuri hufaa kuwekwa chini ya paa lenye hewa inayopita. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani na kuharakisha kutu.