Unabadilisha Ekzosi ya Lori la Kitambo? Soma Hii Kabla Fundi Akuuzie Inchi Tatu

Ukitoka City Stadium uingie Industrial Area na Lusaka Road, unaskia weldi kabla uone gereji. Ukiwa na pikapu ama Canter ya kitambo na bomba la moshi limeoza, swali la kwanza utaulizwa ni: "Buda, tukuwekee ya inchi ngapi?" Wasee wengi husema kubwa kabisa. Hapo ndio doh huanza kupotea.

Mbuyu wangu alisema hivyo. Ako na Isuzu TFR ya dizeli, haina tabo, hubeba vitunguu kutoka Naivasha hadi Marikiti. Aliambiwa inchi tatu ndio itaipea nguvu. Ndai ilirudi ikinguruma kama mathree ya Umo, mtaa mzima tukatoka nje kucheki. Lakini akipanda Mai Mahiu na mzigo, alikuwa anarudisha gia mapema kuliko zamani, na akifika home anasema kichwa kinamuuma. Mwezi moja baadaye alilipa tena arudishiwe inchi mbili. Usipitie hio njia. Rada ni hii.

Saizi inafuata injini, si kelele

Injini ya hio TFR, 4JA1, ni cc 2,499. Inavuta hewa mara moja kila raundi mbili. Kwa raundi 3,000 kwa dakika, hio ni kama lita 3,750 za hewa kwa dakika, ikijaa kabisa. Ikichomeka inakuwa moto, inapanuka, na yote lazima ipite kwa bomba.

Bomba likiwa nyembamba sana, moshi unakwama. Injini inachemka, inakula dizeli na inachoka. Likiwa pana sana, moshi unapoa na unapunguza kasi njiani. Kumbuka, moshi hutoka kwa mapigo, na pigo moja likienda kasi linasaidia kuvuta lenye linafuata. Ukipoteza hio kasi, nguvu ya chini inaweza kupungua, na hio ndio nguvu lori hutumia kupanda mlima na mzigo.

Na usidhani inchi mbili kwenda tatu ni kuongeza kidogo. Nafasi ya ndani inakuwa mara 2.25. Moshi ni ule ule, lakini kasi inashuka chini ya nusu.

Pima na uzi

Kabla fundi akate kitu, chukua uzi, zungusha kwa bomba la zamani mahali halijavimba wala kuoza, kisha ulaze uzi kwa rula. Gawanya na 3.14 upate upana. Kwa haraka:

- Uzi sentimita 14: inchi 1¾
- Uzi sentimita 16: inchi 2
- Uzi sentimita 20: inchi 2½
- Uzi sentimita 24: inchi 3

Hio ni saizi ya nje. Bomba la chuma kinene lina tundu dogo ndani, so cheki pia unene wa ukuta.

Ya kuanzia ni gani?

Saizi ya kampuni ndio msingi. Kama ilishapotea juu lori limepitia mafundi kumi, anzia hapa, kwa dizeli isiyo na tabo:

- Lita 2.5 hadi 2.8, kama pikapu za TFR: inchi 2
- Lita 3.5 hadi 4.2, kama Canter za 4D32 na 4D33: inchi 2½

Kama iko na tabo, ongeza nusu inchi kutoka kwa tabo kwenda nyuma. Tabo hupenda moshi utoke bila kizuizi, hapo bomba pana linasaidia ukweli. Bila tabo, unanunua kelele tu.

Kona ndio huharibu kazi

Unaweza lipia inchi 2½ upate 2. Bomba likikunjwa vibaya linabonyea kwa kona, na moshi unapimwa na mahali pembamba kabisa. Fundi mpoa hujaza mchanga ndani kabla apashe moto na kukunja, ama anakata vipande na kuunganisha pole pole. Pitisha mkono kwa kila kona. Ukiskia imebonyea, kataa.

Ukiona analeta bomba la maji la mabati, mwambie zii. Ile rangi ya fedha ni zinki, na ikichomwa inatoa moshi unaweza mgonjesha yeye na wewe umesimama hapo.

Canter nyingi pia ziko na breki ya ekzosi, ile vali inafunga moshi ukishuka mlima. Kuna mafundi huitoa "ndio gari ipumue." Usikubali. Ukishuka Mai Mahiu na tani tatu nyuma, hio ndio inaokoa breki zako zisichomeke.

Kuvuja kunaweza kuua

Kile kichwa cha mbuyu tulidhani ni kelele. Kumbe jointi moja chini ya kebini ilikuwa inavuja. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi, gesi haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na dereva akisinzia kwa usukani, mnajua mwisho. Kazi ikiisha, washa injini ikiwa baridi na usongeshe mkono karibu na kila jointi bila kugusa. Ukiskia upepo, irudi kwa weldi. Mdomo wa bomba utoke nyuma ya kebini, si chini yake.

Mwisho, Likoni Road

Gari la biashara huenda ukaguzi wa NTSA kila mwaka, na kituo kiko hapo hapo Industrial Area, Likoni Road. Sheria za trafiki zinataka sailensa, na kanuni za kelele za 2009, chini ya NEMA, pia ziko. Bomba tupu la inchi tatu ni kuita karao.

Na kama shida yako ilikuwa moshi mweusi na kukosa nguvu, anza na filta ya hewa na nozo. Mara nyingi ekzosi haina makosa. Mbuyu alibadilisha filta baada ya hio drama yote, na sasa anapanda Mai Mahiu na gia ile ile ya zamani, bomba likiwa inchi mbili.