Kikapu cha Mtakatifu Monika: Kwa Nini Tunawaomba Watakatifu Watuombee



Katika mafundisho ya wakatekumeni hapa Runzewe, siku moja tulifundisha juu ya Ushirika wa Watakatifu. Tulipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa Ubatizo alisimama, akavua kofia yake, akasema: "Padre, mimi nimeacha kuwatambikia masamva wa baba yangu, kwa kuwa mmenifundisha kwamba Mungu ni mmoja. Leo mnanifundisha kumwomba Karoli Lwanga na Kizito, nao walikwisha kufa. Je, nimeacha wafu wa kwetu ili nichukue wafu wa Uganda?"

Darasa zima likanyamaza. Mzee huyu hakuuliza kwa ubishi. Mjukuu wake alikuwa mgonjwa sana, na ndugu zake walikuwa wakimlaumu kwamba ugonjwa umeingia nyumbani kwa sababu ameacha matambiko. Swali la namna hii halijibiwi kwa maneno mawili. Hatuna budi kurudi nyuma katika historia ya Kanisa, kwa maana swali la mzee wetu liliwahi kuulizwa zamani sana, tena juu ya mama Mwafrika.

Mama huyo ni Mtakatifu Monika. Mwaka 385 hivi alivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini, akamfuata mwanawe Augustino hadi mji wa Milano, nchini Italia. Kwao Afrika Wakristo walikuwa na desturi ya kwenda kwenye makaburi ya mashahidi wakichukua chakula. Basi Monika naye akafanya vivyo hivyo huko Milano: akatia kikapuni uji, mkate na divai, akaenda kwenye makaburi ya watakatifu. Mlangoni akazuiwa na bawabu. Akaambiwa kwamba Askofu Ambrosi amekataza jambo hilo, kwanza kwa sababu walevi walipata nafasi ya kulewa, na pili kwa sababu lilifanana mno na karamu ambazo wapagani waliwafanyia wafu wao.

Monika alitii mara moja. Augustino mwenyewe, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia kwamba tangu siku ile mama yake alikwenda makaburini akiwa na moyo uliojaa sala, na kile alichoweza kutoa akawapa maskini. Tazameni, ndugu wapendwa: Ambrosi hakumkataza Monika kuwaheshimu mashahidi, wala hakumwambia kwamba waliokufa katika Kristo wametengana nasi. Alichokataza ni kile chakula cha kuwalisha wafu. Kikapu kilipata njia nyingine, kikaenda kwa wenye njaa.

Tofauti hiyo Kanisa lilikuwa limekwisha kuifahamu kabla ya Monika. Mnamo mwaka 155 hivi, Askofu Polikarpo wa Smirna aliuawa kwa ajili ya imani. Wapo waliotaka Wakristo wasipewe mwili wake, wasije wakamwacha Kristo na kuanza kumwabudu Polikarpo. Wakristo wa Smirna waliandika barua wakieleza kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe: Kristo wanamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, bali mashahidi wanawapenda kwa kuwa ni wanafunzi wake na wafuasi wake. Kisha wakaikusanya mifupa yake kwa heshima, ili kila mwaka waiadhimishe siku ya ushahidi wake.

Huko Roma nako, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Sebastiani, waamini wa karne ya tatu walikwaruza kutani mamia ya maombi mafupi, wakiwasihi Petro na Paulo wawakumbuke na kuwaombea watu wanaotajwa kwa majina. Hawakuwa wanateolojia. Walikuwa watu kama sisi, wenye wagonjwa nyumbani na wasafiri njiani, waliosadiki kwamba Mitume waliowaombea watu walipokuwa duniani hawakuacha kuwaombea walipofika kwa Bwana.

Lakini wapo wenzetu wanaotuuliza: Je, Mtume Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba mpatanishi ni mmoja tu, Kristo Yesu? Ndiyo, aliandika, nasi tunasadiki hivyo. Hata hivyo Paulo huyo huyo aliwaomba Warumi na Waefeso wamwombee. Ikiwa sala ya jirani yako wa Uyovu au Ushirombo haimwondolei Kristo nafasi yake, basi sala ya mtakatifu aliye mbinguni haiwezi kumwondolea. Yeye na sisi tu viungo vya mwili mmoja, na kifo hakina nguvu ya kukata kiungo kutoka katika mwili wa Kristo. Mtaguso wa Trento, mwezi Desemba mwaka 1563, ulifundisha kwamba ni vema na kwafaa kuwasihi watakatifu watuombee fadhili kutoka kwa Mungu kwa njia ya Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudia fundisho hilo mwaka 1964.

Na sasa tuwarudie wale ambao mzee wetu aliwaita wafu wa Uganda. Je, ni wageni kwetu? La hasha! Mwishoni mwa mwaka 1878 Mapadre Weupe walifika kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, na ni kutoka huku Usukuma Padre Lourdel na Bruda Amans walipopanda mtumbwi kwenda Buganda, wakafika Februari 1879. Novemba 1882 wamisionari hao walilazimika kuondoka Buganda, wakarudi kusini ya ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo wa Buganda walibaki bila padre. Walifundishana na kutiana moyo wao kwa wao. Mapadre walirudi Julai 1885. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Novemba, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo.

Mfalme aliyeamuru vifo hivyo alikuwa Mwanga. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini ya ziwa, na hatimaye akapata hifadhi Bukumbi, kwa mapadre wale wale ambao watoto wao wa kiroho aliwaua. Hawakumfungia mlango. Na mwaka 1891 Mapadre Weupe walianzisha misioni ya Ushirombo, jirani zetu hapa. Kumbe imani iliyofika kwetu ilitoka kwa watu waliowafahamu mashahidi hao kwa sura na kwa majina.

Papa Benedikto XV aliwatangaza wenye heri mwaka 1920. Mwaka 1941 masista wawili wamisionari waliugua tauni huko Rubaga, wenzao wakasali novena kuomba maombezi ya mashahidi, nao wakapona. Kanisa lilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu.

Basi tofauti na matambiko iko wapi? Kwanza, mtakatifu halipwi. Hadai pombe wala kuku, na hamletei ugonjwa mtu aliyemsahau. Anayetupa mishumaa au medali ndani ya duara ili apate dhahabu hajamwomba mtakatifu. Amerudisha uji katika kikapu cha Monika. Pili, mtakatifu hapigi ramli. Maandiko Matakatifu yanakataza kutafuta habari kwa wafu, nasi hatuwaulizi watakatifu siri yoyote. Kanda yetu inajua matunda machungu ya ramli: bibi vizee wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, na ndugu zetu albino wamewindwa kwa ahadi ya utajiri. Mpiga ramli humtajia mgonjwa jina la adui. Mtakatifu hamtajii mtu adui. Humwombea hata adui, kama Stefano alivyowaombea waliompiga mawe.

Hayo ndiyo tuliyomweleza mzee wetu. Tulimwambia pia kwamba wazee wake hatuwadharau. Tunawaombea kwa Mungu katika kila Misa, kwa kuwa wao nao ni wake. Mtoto alipelekwa hospitali, nasi darasani tukawaomba Mashahidi wa Uganda watuombee pamoja naye.

Ndugu wapendwa, mtoto yule hakupona. Siku ya mazishi ndugu zake walimwambia mzee mbele ya watu: "Watakatifu wako wamekusaidia nini?" Tuliogopa kwamba angerudi nyuma. Yeye akajibu kwa sauti ya chini: "Sikuwaajiri. Niliwaomba tu wasali pamoja nami, na leo siko peke yangu." Kisha akamwomba katekista aongoze Litania ya Watakatifu kaburini. Pasaka iliyofuata alibatizwa.

Karoli Lwanga naye hakuokolewa na moto. Watakatifu wengi tunaowataja katika Litania waliomba, na kikombe hakikuwaondokea, kama vile hakikumwondokea Bwana wao. Ndiyo maana wanajua kusimama karibu na mtu anayelia.

Basi, makatekista na wazazi, tuwafundishe watoto wetu kuwaita watakatifu kama ndugu, bila kuwanunua na bila kuwaogopa. Na tunapotoka kanisani, kile ambacho tungekipeleka kwa mganga tukipeleke kwa mjane na yatima. Monika alifanya hivyo, nasi twaweza.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mtakatifu Monika, utuombee. Amina.