Mkono wa Mwandishi na Mkono wa Mchapishaji katika Tawasifu ya Kiswahili

Mwandishi chipukizi aghalabu huidhania tawasifu kuwa utanzu mwepesi, maadamu malighafi yake anayo mwenyewe. Historia ya utanzu huu katika Kiswahili yaonyesha kinyume. Maisha ni ya mtu mmoja, lakini kitabu chake hupitia mikono miwili: wa mwandishi na wa anayekichapisha.

Mathalan, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa hati za Kiarabu kutokana na ombi la Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza kuwa hati za Kirumi, akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Toleo la W. H. Whiteley lilitoka Afrika Mashariki zaidi ya nusu karne baadaye. Matini hayo yamesheheni safari, vita, pembe za ndovu na madeni. Waliotekwa hawana sauti.

Sauti hiyo ilisikika katika Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela, kisimulizi cha ukoo wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, Mombasa. Hata hivyo, kitabu kilitolewa London na Sheldon Press, tawi la shirika la Kikristo, na wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Waliokuwa bubu walipata kusema, ila mbele ya mwenyeji ambaye hawakuweza kumlaumu.

Shaaban Robert alifungua njia nyingine. Katika Maisha Yangu (1949) anasimulia ukarani wake, uhamisho na kifo cha mkewe Amina, na humo mna Utenzi wa Hati alioutunga kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Msomaji wake wa kwanza yumo nyumbani, na ndiyo sababu huzuni yake haina haja ya kujieleza kwa mgeni. Aliendeleza simulizi hiyo katika Baada ya Miaka Hamsini, lakini alifariki mwaka 1962, na sehemu hizo mbili zikatoka katika juzuu moja mwaka 1966.

Mifano hii ina funzo kwa anayekusudia kuandika tawasifu leo. Kwanza, na amchague msomaji wake kabla ya kumtafuta mchapishaji, kwani asiyemchagua huchaguliwa. Pili, na ajiulize ni nani amepita katika kurasa zake bila ya kutamka neno. Tatu, na aukamilishe mswada kwa mapendeleo yake, ahifadhi nakala, kisha asome mkataba kwa makini: nani ana kauli ya mwisho juu ya uhariri, na haki za tafsiri ni za nani. Nchini Kenya, ambako wachapishaji wameegemea mno soko la shule, tawasifu husukumwa kwa urahisi iwe kitabu cha maadili, na mwenye maisha akageuzwa kielelezo asichokuwa.

Mhariri mwema hunyoosha sentensi na kuuliza maswali magumu. Huo ni msaada, wala haufai kukataliwa. Lakini jambo ambalo mwandishi amelinyamaza ili apendeze, hakuna mhariri awezaye kulirudisha.