Mawe yana mwenyewe, maneno je?

Vijana wa Mji wa Kale huniuliza: mtu akitaka kurekodi visa vya wazee wa mtaani, au kuitisha kikao cha historia na mashairi, abishe mlango gani?

Wa kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, shirika la umma lenye bodi yake chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Sheria hiyo hailitaki litunze vitu tu. Yalitaka pia litafiti na lieneze elimu. Hapa Mvita ndilo lenye Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, ikawa makumbusho 1962, na 2011 ikaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lina pia ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, ile unayotakiwa kuiendea kabla hujagusa roshani ya nyumba yako.

Wa pili ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti ikapewa shughuli za utamaduni na maktaba. Kwa hivyo ngome ni ya Nairobi, na kikao chako cha mashairi ni cha kaunti.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye pengo. Ukuta ukipasuka huonekana. Mzee akifa na aliyoyahifadhi kichwani, hakuna anayeona ufa. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyeishi papa hapa Mvita karne ya 19, zilituwahi kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya akishirikiana na Mwingereza William Taylor. Karatasi za Taylor ziko London hadi leo, na ilikuwa 1979 ndipo Profesa Mohamed Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka.

Wamarekani walijaribu njia nyingine. Mwaka 1965 serikali yao iliunda mfuko wa taifa wa fasihi, historia na falsafa, kisha kila jimbo likawa na baraza lake, lisilo la serikali wala la faida. Baraza hupokea fungu na kuligawa vipande vidogo vidogo: maktaba ya kijiji, maonyesho, mihadhara ya bure. Udhaifu wake ulionekana Aprili 2025, Washington ilipokata fedha na mabaraza mengi yakayumba.

Sisi dawa tunayo, na jina lake si geni: wakfu. Duka moja likiwekwa wakfu, kodi yake huendesha msikiti au madrasa miaka na miaka, na hakuna waziri wa kuikata. Tume ya Wakfu iko mjini humu humu. Sioni kwa nini wenye mali wetu wasiweke wakfu wa kurekodi wazee na kuchapisha miswada iliyolala kwenye masanduku.

Hadi hapo, mwenye kaseti za babu yake asizitupe. Aandike juu yake nani anasema, wapi na mwaka gani, azinakili kwenye simu, na nakala moja aiweke kwa mtu wa nyumba nyingine.