Kibali Kina Nguvu Kuliko Hifadhi: Kutoka Lufira hadi Upemba

Samaki anayeliwa pamoja na bukari (ugali) mjini Likasi mara nyingi ametoka Kapolowe, ufukweni mwa ziwa Tshangalele. Wageni wakipewa sahani hiyo huuliza ziwa lina umri gani, wakidhani limekuwepo tangu enzi za mababu. Halina hata karne. Lilizaliwa mwaka 1930, Union Minière du Haut-Katanga ilipoziba mto Lufira pale Mwadingusha ili kupata umeme wa viwanda vya shaba vya Likasi, mji ambao mwaka uliofuata ulibatizwa jina Jadotville. Mabwawa mawili ya mto huo yalipewa majina ya wakuu wa msafara wa Wabelgiji uliopita Katanga mwaka 1892, ambao ulikuwa na mtaalamu wa miamba Jules Cornet. La Mwadingusha likaitwa Francqui, na la Koni, lililokuja baadaye upande wa chini, likaitwa Bia. Waliokuja kuyatafuta madini ndio walioacha majina juu ya maji.

Mwaka 1982 UNESCO iliingiza bonde hilohilo la Lufira katika orodha yake ya hifadhi za biosfia duniani, pamoja na Yangambi na Luki zilizotangulia mwaka 1976. Kwa hiyo eneo ambalo dunia nzima inaambiwa lilindwe ni bwawa lililojengwa na kampuni ya madini, na mito inayolilisha inapita chini ya viwanda vya Likasi. Mtu akikuambia kwamba Katanga mgodi umeivamia hifadhi, mwulize kwanza ni hifadhi ipi. Lufira mgodi ulikuwepo kwanza, hifadhi ikafuata.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya. Mwezi Mei 1939 serikali ya kikoloni ilitangaza hifadhi ya taifa ya Upemba, kaskazini mwa Likasi, ikiwa na kilomita za mraba 17,730. Ilikuwa miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa barani Afrika. Wakulima na wavuvi wa nyanda za Kamalondo hawakuulizwa, na ugomvi wao na walinzi haujaisha hadi leo. Ukanda wa shaba wenyewe, kuanzia Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, ulibaki nje ya mstari. Wakoloni walijua walichotaka kuchimba, na walichora ramani ya wanyama mahali ambapo haikuwazuia. Ndiyo maana kwa miaka mingi hapakuwa na haja ya mtu yeyote kupinga migodi kwa ajili ya hifadhi: viwili hivyo havikukutana.

Vilianza kukutana pole pole. Mwaka 1957, miaka mitatu kabla ya uhuru, lilitengwa eneo la uwindaji la Basse-Kando, katikati ya Likasi na Kolwezi. Mwaka 1970 utawala wa Mobutu ukaongeza hifadhi ya taifa ya Kundelungu, mashariki ya Lufira, nyumbani kwa maporomoko ya Lofoi. Mwaka 1975 mipaka ya Upemba ikafanyiwa marekebisho, na hifadhi ikabaki na kilomita za mraba zipatazo 11,730. Enzi hizo mchimbaji mkubwa alikuwa mmoja tu, Gécamines, mali ya dola, na dola hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na hifadhi. Mabishano, kama yalikuwepo, yalimalizwa ndani ya nyumba.

Mambo yaligeuka Gécamines ilipoanguka. Miaka ya 1990 mishahara ilikoma, mitambo ikafa, na vijana wa Likasi na Kambove wakaingia machimboni kwa mikono. Kanuni ya Madini ya Julai 2002 ikafungua mlango kwa makampuni ya nje, na vibali vya utafiti vikaanza kugawanywa kwa miraba juu ya ramani. Afisa wa kibali alikuwa na ramani yake, na afisa wa hifadhi alikuwa na yake. Hazikuwekwa juu ya meza moja. Basse-Kando ndiyo iliyolipa gharama: eneo lililotengwa mwaka 1957 lilijazwa vibali vya shaba na kobalti.

Mgodi wa Mutanda, unaomilikiwa na Glencore ya Uswisi, uko katika eneo hilo. Mwaka 2014 mashirika ya Uswisi ya Bread for All na Fastenopfer, pamoja na RAID ya Uingereza, yalitoa ripoti iliyouliza waziwazi vipi mgodi wa ukubwa ule unafanya kazi ndani ya eneo lililohifadhiwa kisheria. Swali lilifika Ulaya, likaandikwa magazetini, likajibiwa na maofisa wa kampuni. Kibali kilibaki palepale. Na hoja iliyosikika sana, kwamba wanyama wa Basse-Kando walikuwa wameshaisha, ni hoja ya ajabu. Ukiifuata hadi mwisho, njia ya haraka ya kupata kibali ndani ya hifadhi ni kuhakikisha kwanza kwamba hakuna kilichobaki humo.

Sheria haikukaa kimya. Tarehe 11 Februari 2014 nchi ilipata sheria mpya ya uhifadhi wa mazingira ya asili, na Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema bila kuzunguka kwamba haki za uchimbaji hazitolewi ndani ya eneo lililohifadhiwa, wala eneo la wachimbaji wa mikono haliwekwi humo. Lakini sheria hiyohiyo ya uhifadhi inaruhusu serikali kuliondolea eneo hadhi yake. Mwaka 2018 Kinshasa ilifikiria kufanya hivyo kwa sehemu za hifadhi za Virunga na Salonga ili kutafuta mafuta. Mlango wa nyuma upo, na watu wote wenye vibali wanaujua.

Jina la Virunga linatuletea mtu ambaye historia hii haiwezi kumruka. Rodrigue Katembo alikuwa mlinzi Virunga wakati kampuni ya Uingereza SOCO ilipotaka kutafuta mafuta humo. Mwezi Septemba 2013, alipojaribu kuzuia ujenzi ndani ya hifadhi, alikamatwa na kuteswa kwa siku 17. Alikusanya ushahidi kwa siri, ushahidi uliotumika katika filamu ya Virunga ya mwaka 2014, na mwaka huohuo SOCO ikakubali kuacha. Baadaye alipelekwa Upemba kuwa mkuu wa hifadhi, na mwaka 2017 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Huku kwetu hakukuta mafuta. Alikuta madini ya koltani, na watu wenye majembe waliokuwa wakiichimba ndani ya hifadhi. Kazi ya kuwaondoa ikawa yake.

Kiti alichokalia hakikuwa salama. Mwezi Desemba 2012 mkuu wa Upemba wa wakati ule, Atamato Madrandele, aliuawa katika shambulio la Mai-Mai. Hao walikuwa wapiganaji wa Katanga waliopata nguvu baada ya kiongozi wa waasi Gédéon Kyungu kutoroshwa jela ya Kasapa, Lubumbashi, Septemba 2011. Walinzi wa Upemba wanazuia ujangili, wanazuia koltani, na wanapigwa risasi na watu ambao wakati mwingine wanaishi kwa vyote viwili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia habari hii kama vita ya mema na maovu. Tazama ni nani aliyeondolewa kweli. Shinkolobwe, machimbo ya urani yaliyo umbali mfupi kutoka Likasi na ambayo madini yake yaliingia katika bomu la Hiroshima, yalifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na mwezi Julai mwaka huo mgodi uliporomoka na kuua wachimbaji wa mikono waliokuwa bado humo. Upemba, walioondolewa ni wachimbaji wa mikono. Basse-Kando, wenye kibali cha kampuni walibaki. Bunduki ya hifadhi na amri ya rais zimemfikia mwenye jembe. Mwenye mhuri hazijamfikia.

Mtihani mwingine haukuwa mgodi, ulikuwa umeme wa migodi. Kampuni ya Kongo iitwayo Kipay ilipanga bwawa la Sombwe kwenye korongo la mto Lufira, kati ya Upemba na Kundelungu, lenye uwezo wa zaidi ya megawati 150, na soko lake lilikuwa viwanda vya madini vinavyolalamikia SNEL, shirika la umeme la taifa, kila siku. Wapinzani, wakiwemo wahifadhi na vyama vya kiraia vya Lubumbashi, walisema bwawa litakata njia ya wanyama kati ya hifadhi mbili na kubadili maji yanayolisha nyanda za Kamalondo. Ubishi huo unarudia ule wa 1930, isipokuwa mwaka 1930 hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kubisha.

Sasa kubisha kunaruhusiwa, lakini hakuna usalama. Mwaka 2020 Timothée Mbuya wa shirika la Justicia la Lubumbashi alipata vitisho vya kuuawa baada ya shirika lake kuandika kwamba shamba linalohusishwa na rais wa zamani Joseph Kabila limeingia ndani ya Kundelungu. Halikuwa suala la madini, ila linaonyesha bei ya kugusa mstari wa hifadhi wakati mwenye mali ni mkubwa. Vyama vya siasa, kwa muda wote huu, vimegombana sana kuhusu nani apate mgao wa kobalti, na kidogo mno kuhusu mahali inapochimbwa.

Kinachopotea hakina mbadala. Upemba kuna punda milia, ambao kwingine nchini hawapatikani. Kuna pia swala wa majini anayeitwa kitaalamu Kobus anselli, aliyetambuliwa kama spishi ya peke yake mwaka 2005. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2025 yanasema wamebaki chini ya 100 duniani, na wote wako hapa. Na kwa wale wanaodhani mambo haya ni ya wanyama tu, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, wakiongozwa na Célestin Banza, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kiwango cha kobalti kilikuwa kati ya vya juu kabisa kuwahi kupimwa kwa watu wasiofanya kazi mgodini. Maji yanayobeba madini hayo hayajui mpaka wa hifadhi, na samaki wa Kapolowe wanakua ndani yake.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa 2028. Mgombea atakapokuja Likasi, au Kapolowe, au Mitwaba, mwombe kitu kimoja kabla ya kumpigia makofi: alete ramani ya vibali vyote vilivyotolewa ndani ya Upemba, Kundelungu na Basse-Kando, jina la mwenye kila kibali likiwa limeandikwa, na aseme hadharani kipi atadai kifutwe.