Mshale wa Usingizi

Wahenga wetu waliijua kazi ya mshale. Mwindaji wa Kihadzabe alipaka ncha sumu ya miti, akanyatia akiukabili upepo, akafuma, kisha akamfuata mnyama kwa subira mpaka alipoanguka. Katika karne ya ishirini wataalamu waliushika ujuzi wa namna hiyo wakaugeuza kusudi: mshale wa kuua ukawa mshale wa kulaza, ili mnyama ahamishwe na kuhifadhiwa.

Dawa zilizojaribiwa miaka ya 1950 zililegeza misuli. Kipimo kikizidi kidogo, misuli ya kupumulia nayo ililegea, mnyama akafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipatikana etofini, dawa yenye nguvu mara elfu na zaidi kuliko mofini. Daktari Harthoorn, aliyefanya kazi pia hapa Afrika Mashariki, aliitumia kuwalaza faru weupe wa Umfolozi, Afrika Kusini. Kiasi kidogo mno humlaza faru mwenye uzito wa zaidi ya tani moja; nacho kikimwingia mtu, chaweza kumwua.

Miaka hiyo hiyo tulikuwa tukijitwalia uhuru. Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba wanyama pori ni dhamana yetu. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa katika miteremko ya Kilimanjaro, ili vijana wa Afrika waisomee kazi hiyo katika ardhi ya Afrika.

Kazi yenyewe haisomwi kitabuni peke yake. Mwanafunzi hufundishwa kukadiria uzito wa mnyama kwa macho, kwani hapana mizani porini. Sindano ikishampata, mnyama hukimbia dakika kadhaa, naye lazima afuatwe asije akatumbukia mtoni. Akianguka, kila mkono una kazi yake: huyu humfunika macho, yule humwagia maji mwili unaowaka joto, mwingine huhesabu pumzi. Faru haachwi alale ubavu muda mrefu, maana uzito wake mwenyewe humwumiza. Hatimaye hupewa dawa kidogo ya kumzindua, akaongozwa kwa kamba, nusu yu macho, nusu yu usingizini, hadi ndani ya sanduku la mbao. Kijana aliyehesabu pumzi ya faru kwa kiganja chake hawezi tena kumwona mnyama huyo kuwa ni pembe tu.

Hata hivyo historia yatuonya. Katika miaka ya 1960 faru weusi 16 walipelekwa kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa Viktoria. Walivuka salama, lakini baadaye majangili waliwamaliza. Mwaka 1997 tuliwapokea faru kutoka Afrika Kusini huko Mkomazi, na mwaka 2010 wengine watano wakaletwa Serengeti. Kabla mwaka huo haujaisha, mmoja wao aliuawa.

Basi tusidhani kwamba sindano ndiyo ushindi. Kumhamisha mnyama ni kazi ya siku chache. Kumlinda ni kazi ya vizazi. Mwindaji wa kale alipomwangusha mnyama, kazi yake ilikaribia kwisha. Yetu sisi huanza pale mnyama anapoamka.