Mizabibu ya Asili katika Nchi ya Georgia

Mtu akitaja divai, wengi wetu hufikiri Ufaransa au Italia. Lakini iko nchi nyingine, ndogo, iliyowatangulia hao wote wawili katika kazi hii, nayo ni Georgia, iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi, kusini ya Urusi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mizabibu ya nchi hiyo, jinsi ilivyokaribia kupotea, na ni nani walioiponya.

Katika mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza habari za vigae vilivyofukuliwa katika vilima viwili, Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini ya mji mkuu wa Tbilisi. Walipovipima walikuta alama za divai zilizonywewa na udongo, na umri wake ni kama miaka 6000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Watu wale hawakujua chuma, lakini mtungi na zabibu walivijua. Kwetu Dodoma mzabibu ni mgeni, uliletwa na wamisionari. Kule ni mwenyeji, hata ule wa mwituni ungali ukiota kando ya mito.

Mtungi wao huitwa qvevri. Mfinyanzi huujenga kwa mapindi ya udongo, moja juu ya jingine, kwa siku nyingi, maana asipongoja pindi la chini likauke kidogo, kazi yote humbomokea. Umbo lake ni la yai, na tako lake ni jembamba. Ulio mkubwa huchukua lita elfu kadhaa, hata mtu akiingia kuusafisha haonekani. Ukiisha kuchomwa hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, kisha huzikwa ardhini mpaka mdomo wake uwe sawa na sakafu. Hivyo divai haipatwi na joto la kiangazi wala baridi ya theluji. Wakati wa mavuno zabibu hukanyagwa kwa miguu katika hori la mti; na upande wa mashariki, katika jimbo la Kakheti, maji yake humiminwa mtungini pamoja na maganda na kokwa na vikonyo, yachache yenyewe. Halafu mdomo hufunikwa na kuzibwa mpaka theluji ipite. Zabibu nyeupe zikifanyiwa hivyo hutoa divai yenye rangi ya asali. Kazi hii iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka wa 2013.

Yale makapi hayatupwi. Hutiwa katika chungu cha shaba, yakapikwa, na mvuke ukipozwa hutoka mvinyo mkali uitwao chacha. Neno hilo kwa Kigeorgia maana yake ni makapi yenyewe, wala halina udugu na kuchacha kwetu, ingawa sikio la Mswahili halitakubali upesi. Aijuaye gongo hana haja ya maelezo zaidi. Ulio mtulivu kuliko huo ni mvinyo wa David Sarajishvili, mtu aliyesoma Ulaya, ambaye katika mwaka wa 1884 alifungua kiwanda Tbilisi akafuata desturi ya Wafaransa: kuipika divai yenyewe, kisha kuulaza mvinyo wake miaka mingi katika mapipa ya mwaloni.

Aina za mizabibu ya asili zilizoandikwa katika nchi hiyo ni kama 525, na majina yake mengi ni maelezo. Saperavi maana yake ni kitu cha kutia rangi, kwa kuwa nyama yake ni nyekundu, tofauti na zabibu nyingi nyeusi ambazo ndani ni nyeupe. Rkatsiteli ni tawi jekundu, ingawa zabibu zake si nyekundu. Katika Samegrelo, magharibi, iko Ojaleshi, yaani ule uoteao juu ya miti. Na kweli zamani uliachwa upande mti mkubwa, na mvunaji alipanda juu na kikapu chake.

Hatari ya kwanza ilitoka Marekani katika karne ya 19: ukungu wa majani, na mdudu mdogo alaye mizizi. Hatari ya pili ilikuwa ya wanadamu. Baada ya mwaka wa 1921 Georgia ilikuwa chini ya dola ya Kisovieti, na viwanda vya serikali vilitaka wingi. Mashamba yakajazwa aina chache tu, hasa Rkatsiteli na Saperavi. Kisha katika mwaka wa 1985 Gorbachev alianza vita juu ya ulevi, na mizabibu mingi ikang'olewa. Ulevi ulikuwapo kweli, hatubishi. Lakini kung'oa mzabibu wa baba yake mtu ili mwingine aliye mbali asilewe, hiyo ni dawa ya ajabu.

Walioiponya ni watu wa nyumbani. Kila jamaa iliruhusiwa kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba, na humo hesabu ya kiwanda haikuingia. Mzee alipanda alichokipenda, akazika mtungi wake. Wataalamu nao walikusanya vipandikizi, na leo huko Jighaura, karibu na Mtskheta, yako mashamba yenye mamia ya aina hizo.

Mwaka wa 2006 Urusi, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya divai yao, ilifunga mlango. Wengi walidhani ndio mwisho. Wakulima wakaenda kutafuta wanunuzi Ulaya, Marekani na Japani, wakakuta kwamba wageni hao walitaka hasa kile ambacho kiwanda kilikidharau: divai ya mtungi, na mizabibu ya vijijini. Mlango ulifunguliwa tena mwaka wa 2013, na Urusi ikarudi kuwa mnunuzi mkubwa. Jambo hilo halifurahishi kila mtu huko.

Sasa upungufu ni wa wafinyanzi. Jamaa zijuazo kujenga qvevri kubwa ni chache, katika vijiji kama Vardisubani na Makatubani, na baba humfundisha mwanawe. Anayetaka mtungi huagiza, akangoja.